Jicho la Dalali

Katika soko la mifugo la Garissa, miaka ile ya tisini, bei haikusemwa kwa mdomo. Dalali alimshika mnunuzi mkono, akaifunika mikono yote miwili kwa shuka lake, na huko chini ya shuka vidole vikazungumza. Kidole kimoja kikibanwa kilikuwa na maana yake, viwili vina yao, kiganja kizima kina yake. Waliosimama kando waliona shuka likitikisika kidogo, kana kwamba kuna mnyama mdogo aliyelala ndani. Nyuso za wale wawili hazikutakiwa kusema lolote. Mtu angeweza kusimama hatua mbili kutoka hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaondoka bila kujua fahali wa jirani yake ameuzwa kwa kiasi gani.

Nunow aliingia katika kazi hii akiwa na miaka kumi na tisa. Alipofika arubaini, alikuwa mmoja wa madalali watano au sita ambao mfugaji aliyetoka mbali aliwauliza kwa majina mara tu mifugo yake ilipovuka lango. Sifa yake haikuwa ulimi, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache. Sifa yake ilikuwa uso. Walisema uso wa Nunow ni ukuta usio na dirisha, na katika kazi ile hapakuwa na sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Alikuwa pia mtu asiye na jina la utani, na hilo lilikuwa jambo la nadra kuliko uso wake. Wasomali wa huko hawampi mtu jina la utani kwa kificho. Mguu mfupi, jino lililovunjika, kitambi, sikio lililoliwa na fisi, chochote kile kilichomtofautisha mtu na wenzake huingia katika jina lake na kukaa humo mpaka kaburini. Mwenye jina huitwa hivyo msikitini, huitwa hivyo na chifu kwenye mkutano, na watoto wake hulirithi. Baba yake Nunow alikuwa na mguu wa kulia uliolemaa, akaitwa Langare, yaani mchechemeaji. Nunow alikua akiitwa mwana wa Langare, duksi alikosoma Kurani, kisimani, na hata katika mikono ya shangazi waliompenda. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya jina hilo. Lakini kila alipoitwa hivyo, aliuona mguu wa baba yake ukiburuzwa mchangani, na mapema sana, bila kumwambia mtu, alikata shauri kwamba yeye hatawapa watu mpini wa kumshikia.

Jicho lilianza mwaka wa tisini na tatu. Lilikuwa la kushoto. Kope ziliruka, zikatulia, zikaruka tena mara mbili au tatu, na baada ya miezi michache shavu nalo likaanza kuvutwa juu pamoja nazo. Ilikuwa kama ngozi ya ng'ombe inavyotetemeka kumfukuza nzi, isipokuwa hapakuwa na nzi.

Sababu hakuna aliyeijua. Mwaka uliotangulia, nyumba yake ya vyumba viwili pale mtaa wa Iftin ilikuwa imejaa ndugu za mkewe waliovuka mpaka kukimbia vita, watu kumi na mmoja, na kwa muda mrefu Nunow alilala kidogo, akatafuna miraa sana, akanywa chai nyeusi kama wino. Mkewe Faduma alisema ni husuda. Watu wanaosifiwa uso, alisema, wasishangae uso ukiguswa.

Faduma ndiye aliyeanza matibabu. Kila asubuhi alimlaza Nunow kitandani na kumtia matone ya mafuta ya habasoda puani. Nunow alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka, kisha akaketi, na jicho likaruka.

"Limepungua," alisema Faduma.

"Limepumzika tu, lilikuwa linalia."

Baada ya hapo alikwenda kwa Sheikh Nuh, aliyefundisha watoto nyuma ya msikiti. Sheikh alisoma aya juu ya kidumu cha maji, akamwambia anywe na kunawia uso kwa siku saba. Siku zile saba jicho lilitulia kweli, na Nunow alianza kutembea akiwa ameinua kichwa. Siku ya nane lilirudi, kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo tu kwenda kusali.

"Umeacha?" aliuliza Sheikh Nuh.

"Nimemaliza maji, sheikh."

"Maji hayaishi, bomba lile pale. Wewe umemaliza subira."

Alipewa kidumu kingine, na baadaye kingine. Halikurudia tena kutulia kwa siku saba.

Akaenda kwa Shurie, mzee aliyechoma watu kwa moto karibu na machinjio. Shurie alikuwa na vijiti vya mti mgumu alivyovitia makaani mpaka ncha zikawa nyekundu, na kwa vijiti hivyo alitibu homa ya manjano, maumivu ya mgongo, na watoto waliokataa kunyonya. Alimshika Nunow kidevu, akamtazama jicho kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Utalia?"

"Sitalia."

"Vizuri. Na hili nalo halitakonyeza. Mtu akiungua hana nafasi ya kukonyeza."

Alimchoma mara moja kwenye panda la uso na mara moja nyuma ya sikio. Kwa mwezi mzima jicho lilikaa kimya na shavu likaruka peke yake; kisha vidonda vilipopona, vyote viwili vikarudi kama zamani. Nunow alibaki na makovu mawili ya mviringo, yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Alipigwa chuku shingoni, damu ikatoka nzito. Alilala siku tatu akinywa samli ya ng'ombe kwa asali. Daktari mmoja wa hospitali alimwangaza machoni kwa tochi, akamwambia si ugonjwa wa kuua, akampa vidonge ambavyo vilimfanya asinzie sokoni mchana kweupe akiwa ameketi juu ya ndoo. Aliviacha.

Matibabu yote haya aliyafanya kwa siri. Kwa Shurie alipita njia ya nyuma. Makovu aliyafunika kwa kilemba, na sokoni jicho likiruka aligeuza uso au akajifuta jasho. Alijua jicho lingeonekana siku moja, na alijua likionekana watu watafanya nini: watacheka, mmoja atasema neno, neno litashika. Basi mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tano alinunua miwani myeusi.

Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa la mtu aliyepaswa kujua zaidi. Katika soko ambalo mdomo umefungwa na mikono imefunikwa, watu husoma macho. Mgeni aliyekuja na miwani alisamehewa. Dalali mwenyeji aliyeyaficha macho yake ghafla, bila kusema anaumwa, aliwapa watu jambo la kufikiria njiani wakirudi nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Novemba, mvua imenyesha tangu juzi ikakatika alfajiri, uwanja wa soko umelowa na kunuka samadi mbichi. Abdikafi, mfugaji mzee kutoka Kotile, alileta mafahali kumi na wawili. Alikuwa mteja wa Nunow kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo hawakuwahi kubishana. Asubuhi ile alimtazama Nunow kwa kitambo.

"Vua hayo nikuone," alisema. "Siwezi kumpa mafahali wangu mtu aliyevaa kama dereva wa mbunge."

Nunow alicheka kidogo, akavua, akaitia miwani mfukoni. Alimshika mnunuzi mkono. Mnunuzi alikuwa mtu wa Thika mwenye koti la mvua, aliyekuja na lori. Shuka likashuka juu ya mikono yao, na vidole vikaanza. Yule mtu wa Thika alianza chini, akapanda, akapanda tena.

"Rafiki," Nunow alimwambia kwa Kiswahili chake, "hawa si ng'ombe ya kubimwa na kilo. Tasama mgongo."

Mnunuzi alitazama mgongo, akapanda tena. Nyuma yake, hatua kumi hivi, alisimama Abshir, dalali kijana aliyekuwa akimshughulikia mnunuzi mwingine. Nunow alikuwa amegeukia upande ule tu kwa sababu jua lilitoka upande wa pili. Jicho likaruka. Likaruka mara tatu, shavu likavutwa, na wakati uleule, kwa sababu zake mwenyewe ambazo hakuna aliyemuuliza, mtu wa Thika akaacha kupanda.

Abdikafi aliona, akadhani ni konyezo la madalali waliopatana kuizuia bei. Hakuwa amewahi kuliona jicho lile likifanya hivyo. Miezi yote lilikuwa nyuma ya kioo. Alitembea hadi pale walipokuwa, akalivuta shuka, mikono yao ikabaki wazi mbele ya watu, imeshikana, kama watu waliofumaniwa. Sokoni pale hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

"Mkono wako uko kwangu," alisema Abdikafi, polepole. "Jicho lako liko kwa nani?"

Watu waligeuka. Abshir naye aligeuka, akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeulizwa. Nunow alikuwa na neno moja la kusema, na lilikuwa la kweli, na lingemaliza jambo. Alifungua mdomo. Aliona nyuso zilizomzunguka, zinazongoja. Akaona pia, kama alivyouona siku zote, mguu wa baba yake ukiburuzwa mchangani.

"Vumbi, adeer," alisema, akimwita ami kwa heshima. "Vumbi limeniingia."

Abdikafi aliinama akatazama chini. Ardhi ilikuwa tope. Kila mtu aliyekuwa hapo aliitazama ardhi, kisha wakamtazama Nunow, kisha wakatawanyika mmoja mmoja kurudi kwa mifugo yao.

Hakuna aliyemfukuza. Soko lile halikuwa na ofisi ya kumfukuza mtu. Watu waliacha tu kumpa mkono. Alifika kila Jumatano na shuka lake begani, akasalimiwa vizuri, akaulizwa habari za nyumbani, na mfugaji akampita kwenda kwa mwingine. Baada ya miezi miwili alianza kusaidia kupakia mbuzi kwenye malori, kazi aliyoifanya akiwa kijana. Faduma akaanza kupika anjera, chapati laini za Kisomali, asubuhi na kuuza mbele ya nyumba. Binti yao Kowsar, aliyekuwa darasa la saba, hakuuliza chochote, na Nunow aliona kwamba haulizi.

"Waambie unaumwa," Faduma alimwambia siku moja akigeuza anjera.

"Nimeshasema ni vumbi."

"Basi waambie vumbi limekataa kutoka."

Jicho lilikuwa limezidi. Liliruka akila, likaruka akisali, likaruka zaidi alipojitahidi lisiruke.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata alipanda lori la mfanyabiashara wa mbuzi hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, akitafuta mahali ambapo hakuna aliyemjua. Ilikuwa kambi ya Ifo. Sokoni, kati ya wauza unga wa mgao na washona viatu, aliketi mwanamke mmoja kwenye mkeka nje ya kibanda cha maturubai, na mbele yake kulikuwa na bakuli la mafuta ya mkia wa kondoo. Jina lake lilikuwa Raho. Alikuwa mjane kutoka Kismayu, na kazi yake ilikuwa kukanda nyuso: wanawake ambao mdomo umekwenda upande baada ya kujifungua, wazee waliopooza, watu waliosaga meno usingizini. Nunow alikuwa akipita.

"Wewe wa miwani," alisema Raho bila kuinua kichwa. "Ni la kushoto, ama yote mawili?"

Nunow alisimama. "Nani amekuambia?"

"Shavu lako. Halikuvaa miwani. Kaa chini, walaal, ndugu yangu, unanizibia jua."

Alikaa. Vidole vya mwanamke yule vilikuwa vigumu na vyenye joto. Vilianza nyuma ya masikio, vikashuka taya, vikapanda hadi chini ya nyusi. Alipogusa makovu alicheka puani.

"Wamekuchoma. Na chuku?"

"Na chuku."

"Na habasoda, na maji ya sheikh. Sheikh usimwache, hayo ni ya moyo wako. Haya mengine yaache yapumzike." Alichovya vidole kwenye bakuli. "Niambie jambo moja. Kabla halijaruka, linakuambia?"

Nunow alifikiri. Katika miaka mitatu hakuwahi kulitazama jambo lile kwa upande huo; alikuwa amelikimbia tu. Akagundua kwamba ndiyo, lilimwambia. Kulikuwa na mwasho mdogo nyuma ya kope, kama ule unaokuja kabla ya chafya.

"Linawasha," alisema. "Kisha likisharuka linapoa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Kaka yangu alikuwa nalo tangu utotoni. Likikuita, usigombane nalo kwa uso. Likimbilie kabla. Fumba macho yote mawili polepole, kama mtu aliyechoka. Bandika ulimi juu, kwenye kaakaa. Toa pumzi puani, taratibu, kwa urefu wa subhanallah tatu. Mwasho utapita kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Si kila mara. Mara nyingi kidogo. Miraa acha. Chai weka maziwa. Lala baada ya adhuhuri."

"Na litaondoka?"

"Litapungua. Sikudanganyi kwamba litaondoka. Kaka yangu alikufa nalo, na si lenyewe lililomuua."

Alijifuta mafuta kwenye kanga. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Wanakuitaje huko kwenu?"

"Nunow."

"Nunow nani?"

"Nunow tu."

Raho alimtazama kwa mara ya kwanza. "Miaka mitatu jicho linaruka mbele ya Wasomali, na hujapewa jina?"

"Sikuwapa nafasi."

"Ndiyo maana unanuka shida," alisema. "Basi hawajui ni ugonjwa. Wewe unajua wanafikiri ni nini. Kaka yangu aliitwa Biriq tangu duksi. Biriq, kimulimuli. Alikuwa fundi wa majiko pale Kismayu. Akimkonyeza mke wa mtu, mwenye mke alimwagizia chai."

Nunow alikaa siku nne Ifo. Kila asubuhi alikandwa, na kila alasiri aliketi peke yake kwenye kivuli cha ua wa miiba akijifunza kuusikia mwasho. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kukaa na kitu ulichokichukia na kukisikiliza. Siku ya nne aliweza kuupitisha mara sita katika kumi. Alipoondoka alimwachia Raho miwani. Raho aliijaribu, akasema itamfaa wakati wa kukata vitunguu.

Jina la utani mtu hajipi mwenyewe. Akijipa, linakuwa majigambo, na hakuna atakayelitumia. Linaweza tu kungojewa. Nunow alirudi Garissa, na Jumatano ya kwanza, badala ya kwenda kwenye malori, alikwenda kwenye kibanda cha chai walipoketi madalali kabla ya soko kuchangamka. Aliketi kwenye benchi linalotazama jua, kichwa wazi, makovu yanaonekana, akaagiza chai ya maziwa. Mwasho ulipokuja, aliupitisha mara ya kwanza. Mara ya pili aliuacha kwa makusudi. Jicho likaruka, shavu likavutwa.

Watu walitazama vikombe vyao.

"Lina ugonjwa hili," alisema Nunow. "Tangu mwaka wa tisini na tatu. Siku ile haikuwa vumbi."

Mtu mmoja aliomba sukari. Mambo yakabaki hivyo wiki ile, na wiki iliyofuata, na Nunow alirudi nyumbani mara zote mbili akiwa na uchovu wa mtu aliyevua nguo mbele ya watu ambao hawakutazama. Faduma alimpa chakula.

Wiki ya tatu Abshir, aliyeketi mkabala naye, aliweka kikombe chini.

"Adeer, unanikonyeza? Mimi si binti."

"Ningekuwa na hiari," alisema Nunow, "nisingepoteza jicho zuri kwako."

Kibanda kizima kilicheka. Abshir alicheka kuliko wote, akapiga benchi kwa kiganja. "Basi tukuite Indiketa. Wallahi, ni lori linalotaka kukata kushoto."

"Lori gani, na hata petroli hana," alisema mwingine.

"Tochi."

"Tochi ya betri za jana."

Wiki nzima walijaribu. Indiketa ilidumu siku tatu, Tochi ikafa siku hiyohiyo. Nunow aliyasikia yote akitabasamu, na kila moja lilipita ndani yake kama kijiti cha Shurie. Lakini aliona jambo jingine pia. Walipocheka walimtazama usoni, na jicho liliporuka hakuna aliyegeuka kuona nani amesimama nyuma.

Hata hivyo hakuna mfugaji aliyempa mkono. Madalali walicheka naye, na kwa wenye mifugo bado alikuwa yule wa shuka lililovutwa. Aliyelivuta alikuwa mtu mmoja, na hakuonekana sokoni tangu siku ile.

Mvua za gu, yaani za masika, hazikunyesha mwaka huo. Kufikia Agosti malisho ya kusini yalikuwa yamekwisha, na mifugo ilianza kuingia Garissa kwa wingi, imekonda, inatembea kama watu wanaokumbuka njia kwa shida. Jumatano moja Abdikafi alifika na ng'ombe tisa. Walikuwa ishirini na watatu walipotoka Kotile. Alisimama langoni, ameegemea fimbo, midomo imepasuka, naye alihitaji kuwauza siku hiyo, kwa sababu baadhi yao wasingesimama siku nyingine.

Abshir alimkimbilia. Walizungumza. Nunow, kwenye benchi lake, aliwaona wakizungumza, na akamwona Abdikafi akigeuza kichwa upande wa kibanda. Hakusimama. Mwasho ulikuja, aliutolea pumzi ukapita. Ukaja tena, na mara hii alikuwa amechoka kuupitisha, jicho likaruka mbele ya mtu yule mmoja ambaye hakutaka alione, mara mbili, shavu likapanda na kushuka.

Abdikafi alikuja akitembea polepole, ng'ombe wake wakibaki nyuma. Abshir alimfuata.

"Huyu kijana ananiambia ni ugonjwa," alisema Abdikafi.

"Ni ugonjwa, adeer."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia. Niliona haya, nikasema vumbi."

"Kulikuwa na tope."

"Kulikuwa na tope," alikubali Nunow.

Abdikafi alisimama akimtazama, na jicho, kana kwamba limeitwa, likaruka tena. Mzee akainua macho mbinguni, kulikokuwa kweupe na kukavu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama kulivyokuwa tangu Machi.

"Nimetembea siku sita," alisema, "na kila jioni natazama mashariki na kusini kama nitaona hilaac, umeme wa mbali, nijue mvua imeshuka wapi. Mwaka huu mzima sijauona." Akaelekeza fimbo kwenye uso wa Nunow. "Kumbe uko hapa."

Abshir alicheka kwanza, wengine wakafuata. Abdikafi hakucheka.

"Simama, Hilaac," alisema. "Ng'ombe wangu hawana muda."

Nunow alisikia jina likishuka juu yake na kutulia. Alijua papo hapo kwamba hili ndilo. Halikuwa kama Indiketa. Lilikuwa neno ambalo mfugaji angeweza kulibeba hadi Kotile na kulitaja kisimani. Aliwaza, kwa utulivu uliomshangaza, kwamba Kowsar ataitwa binti Hilaac, na watoto wake wajukuu wa Hilaac, na kwamba kuna siku mmoja wao atalichukia. Kisha akasimama, akalikung'uta shuka lake.

Mnunuzi alikuwa mtu wa Mwingi aliyejua kwamba ukame uko upande wake. Kabla ya mazungumzo kuanza Abdikafi alimpa Nunow mkono wake mwenyewe, chini ya shuka, na kwa vidole akamwambia kiwango ambacho hataki kushuka chini yake. Kiganja cha mzee kilikuwa kikavu kama gome. Kilibaki ndani ya mkono wa Nunow kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha kikatoka.

Nunow akamshika mnunuzi. Yule mtu alianza chini sana, kama alivyotarajiwa. Katikati ya mazungumzo mwasho ulikuja, Nunow akafumba macho polepole, akabandika ulimi kaakaani, akatoa pumzi kwa urefu wa subhanallah tatu, na kwa muda wote huo vidole vyake havikusogea. Mtu wa Mwingi aliungoja mkono ule uliokufa ghafla ndani ya wake. Aliusoma vibaya, akaongeza kidole kimoja. Nunow alifumbua macho.

Bado haikutosha. Waliendelea. Jua lilikuwa limepanda, ng'ombe mmoja alikuwa amepiga magoti na watu wawili wakimwinua kwa mkia. Mwasho ulirudi, na sasa haukupitika. Jicho likaruka mara tatu mfululizo, likielekea upande aliosimama Abshir, shavu likavutwa, watu kumi na tano wakaona.

Abdikafi alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Hakugeuka kutazama nyuma. Alikuwa akiwatazama ng'ombe wake, ameegemea fimbo kwa mikono yote miwili, akingoja shuka lifunguliwe na aliyelifunika.